Jembe la Bibi Limeonekana

Shikamoo Mama. Nakuandikia kutoka karibu na Mpui, vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Ile ramani ya zamani haikudanganya: kijiji chenu kimechorwa pale vijito viwili vinapokutana, na leo pale ni shamba la ulezi. Nikawasha mashine ya kutafutia vyuma, ikalia kila hatua. Kumbe ardhi yote imejaa mavi ya chuma waliyoyaacha wahunzi wa zamani! Nimechimba asubuhi nzima, nimepata mabonge meusi tu.

Mwenye shamba, mama mmoja wa Kisukuma, akanionea huruma, akanikaribisha ugali na maharage. Nikamweleza natafuta jembe ambalo bibi alilifukia jikoni siku mlipohamishwa. Akacheka, akanionyesha mtini. Aliliibua kwa plau, sasa amelining'iniza, analigonga kufukuzia ndege. Pembe moja imekatika, vilevile ulivyosema.

Nimeliomba, amekataa. "Mama yako aje alichukue mwenyewe. Nalima kwao miaka yote hii, hata sura yake siijui."

Mama, najua uliapa hutarudi huku. Njoo na sweta nzito.

Mwanao, Fides