Wanja wa Siku ya Saba

Kikwajuni, Unguja
12 Februari 2023

Mwanangu Mardhiya,

Assalamu alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe, mumeo Matar na mgeni wetu. Mimi sijambo, ila nyonga ndiyo ile ile, na masikio ndiyo yamekwisha kabisa. Juzi Matar alipopiga simu nilisikia "mama, mama," kisha kama mtu anakaanga vitumbua. Nikamwambia Afra, binti wa jirani, aikate. Nitaandika, kama nilivyofundishwa skuli. Ujumbe wenu wa kidoleni siuwezi.

Mtoto wa kiume! Na mmempa jina la Asad, jina la babu yako. Nililia mpaka Afra akadhani nimepata msiba.

Nimempa Sundus kifurushi, anarudi London Jumanne. Mna kanga mbili, ubani, na kijaluba cha wanja. Wanja huo si wa dukani, usije ukauchanganya na takataka za dukani. Jiwe nimelisaga mwenyewe siku tatu, lile jiwe la Manga aliloniachia marehemu bibi yako. Nimelichuja kwa kitambaa cha melimeli mara saba, nikatia marashi. Mabibi harusi wanaufuata kwangu kutoka Mkokotoni, na hajarudi hata mmoja kulalamika.

Mpake asubuhi na jioni, ndani ya kope na kwenye nyusi, na kidogo kitovuni kipate kukauka. Siku ya saba ndiyo ya kuanza. Nawe ulianza siku ya saba, na macho yako watu wanayasema hadi leo. Huko mliko watu ni wengi, na jicho la hasidi halina pasipoti.

Mbusu kwa niaba yangu, mguu huu na mguu huu.

Ni mimi, mama yako


Thamesmead, London
3 Juni 2023

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Vipi nyonga? Umekwenda hospitali, au bado unajisugua mafuta ya nazi na kusema kesho? Sisi wazima, alhamdulillahi. Matar bado anaendesha basi, anatoka alfajiri, namwona akirudi kula tu.

Asad ana miezi minne. Mama, hayo macho! Kila nikimpaka wanja naona kama umekaa kitandani unaniangalia, unaniambia nisitetemeshe mkono. Nisamehe, wakati mwingine nampaka mara tatu. Ndipo nyumba inanukia marashi na mimi najiona niko kwetu. Huku mvua hainyeshi ikaisha, inanyunya tu wiki nzima, na jirani zangu nawajua kwa milango yao.

Yule nesi anayepita majumbani alimwangalia akaniuliza, "What's that on his eyes?" Nikamwambia ni wanja wangu mimi, umemgusa nilipombusu. Nikaona nikimweleza tutakesha. Akaniachia karatasi, sijui niliiweka wapi.

Jambo moja tu, hapati choo vizuri, na maziwa anayakataa. Kwetu tungempa nini? Na wanja umekaribia kwisha. Ukipata msafiri, nitumie mwingine.

Mwanao, Mardhiya


Thamesmead, London
9 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Najua nimekaa kimya muda mrefu, na wewe umeleta barua tatu na kijaluba cha pili. Sikuwa na mkono wa kuandika.

Asad amelazwa siku ishirini na sita. Alikuwa hasimami. Wenzake wa rika lake wanatembea, yeye anakaa tu kama mzigo, mweupe midomo. Tukaambiwa damu imepungua, tukapewa dawa ya madini ya chuma. Halafu Jumapili moja nikiwa namlisha uji akageuza macho, mkono wa kushoto ukaanza kupiga peke yake, tap tap tap juu ya meza, kisha mwili mzima. Sikumbuki nilivyofika chini barabarani. Nilikuwa sina viatu.

Walimpiga picha za mifupa. Daktari akanionyesha magoti yake, mistari myeupe imekaa kwenye ncha za mifupa. Akasema ni madini ya risasi, yale yanayotiwa kwenye betri za gari. Mwili hauyajui, unayadhani ni kalsiamu, basi unayachukua na kuyajengea mifupa. Mtoto anakua na sumu ndani ya mifupa, mama.

Wakaja nyumbani wawili na vifaa vyao. Wakapima rangi ya ukuta, maji ya bomba, midoli, masufuria. Wakaniuliza, unampa dawa yoyote ya kienyeji? Nikasema hapana. Chakula chochote kutoka kwenu? Hapana. Sikuwaongopea. Wanja si dawa, wala si chakula, ni wanja. Haukunijia hata akilini.

Aliyeugundua ni nesi mmoja Mkongo, anaitwa Chancelle. Alikuwa anambadilisha Asad, akamshika kidevu, akaniuliza kwa Kiswahili chao, "Mama, iyi ya weusi ku macho ya mutoto, ni nini?" Nikamtolea kijaluba kwenye mkoba. Kesho yake daktari akarudi na majibu. Zaidi ya nusu ya ule unga ni risasi.

Wanamtia dawa ya kuitoa. Inatoka kwenye damu, tunafurahi, wiki mbili baadaye mifupa inarudisha tena na hesabu inapanda. Hasemi hata neno moja. Na mimi wamenipima, ninayo pia. Daktari anasema mwanamke akibeba mimba mifupa yake humpa mtoto kalsiamu, na ile sumu hutoka nayo, tumboni na kwenye maziwa. Akaniuliza nilianza kupakwa lini. Nikamwambia, siku ya saba.

Usimpe mtu tena wanja huo. Usilisage tena hilo jiwe. Umenitumia sumu kwenye kijaluba, mama, na marashi juu yake.

Mardhiya


Kikwajuni, Unguja
2 Aprili 2024

Mardhiya,

Assalamu alaykum. Nimepata barua yako. Mungu amponye mjukuu wangu, kila sala namwombea.

Ama hayo mengine, nimeyasoma mara mbili sikuamini kama ni mkono wako. Mimi nimepakwa, mama yangu kapakwa, wewe umepakwa ukasoma mpaka chuo kikuu. Ingekuwa sumu tungekwisha sote, angebaki nani wa kukuzaa? Hao madaktari wenu kila kisichotoka dukani kwao ni uchafu. Na hata kama wana haki, karatasi ya nesi si alipewa mtu? Si wewe uliyeniandikia kwa kicheko kuwa ulimwongopea? Mimi nilisema mara mbili kwa siku. Nani alipaka mara tatu?

Mtoto umleavyo. Usinitupie mimi.

Mama yako


Kikwajuni, Unguja
17 Septemba 2024

Mwanangu, kipenzi changu,

Assalamu alaykum. Miezi mitano hujaniandikia na una haki. Afra huwa ananisomea sikioni ujumbe anaopata kwa Matar, kwa hiyo najua Asad katoka hospitali, na najua bado hasemi. Ile barua yangu ya mwisho nilikuandikia na hasira, na kila siku ninajuta kuipeleka posta. Nisamehe. Sikupaswa kukutajia mara tatu. Ulikuwa unanikumbuka, na mimi nimekupiga kwa hilo hilo.

Lakini sikuandiki kwa hilo tu.

Katika barua yako pana mstari mmoja nimeshindwa kuupita. Nauanza, narudi nyuma. Pale uliposema macho yaligeuka na mkono wa kushoto ukapiga peke yake. Wewe uliambiwa ulikuwa na kaka aliyefariki mchanga, kabla hujazaliwa. Hukuambiwa alifarikije, na marehemu baba yako alinikataza kulisema ndani ya nyumba.

Aliitwa Zahid. Alikuwa na miezi kumi na minne. Hapati choo, hataki kula, analia bila sababu, mweupe midomo. Hakuwa amesimama bado. Nilikuwa nasaga wanja barazani naye yuko mapajani, kwa sababu hakukubali kuwekwa chini. Wakasema ni jicho la mtu, amerogwa kwa uzuri wake. Kwa hiyo, Mardhiya, nikamzidishia. Asubuhi, adhuhuri na jioni. Machoni, nyusini, kitovuni, mpaka kwenye nyayo. Siku ya Ijumaa mkono wake wa kushoto ukaanza. Tukasema degedege. Ilipofika alasiri tulikwishamzika.

Miaka arobaini na moja nimekuwa nikimtafuta aliyemtupia jicho mwanangu. Kuna jirani mmoja sikumsemesha mpaka alipokufa, kwa kuwa siku moja alimsifu.

Jiwe nimemkabidhi bwana afya wa wilaya. Nimepita kwa miguu nyumba kumi na moja za watu niliowapa wanja mwaka huu, kuwaambia wautupe. Wengine wamenicheka. Mmoja ana mjukuu wa wiki tatu, nimekaa mlangoni kwake mpaka akautoa.

Sasa nakuomba kitu kimoja. Muulize daktari wako. Mweleze kama nilivyokueleza, usipunguze, umuulize kama ilikuwa ni ule wanja. Halafu uniambie kweli. Usinionee huruma. Nimekwisha kuzeeka, nitaweza kuubeba ukweli wowote.

Mama yako


Thamesmead, London
6 Oktoba 2024

Mama,

Nimemuuliza. Nilikwenda na barua yako mkononi, nikamfasiria neno kwa neno, choo, midomo, kuchelewa kusimama, wewe unasaga naye yuko mapajani anavuta lile vumbi. Nilipofika kwenye mkono wa kushoto akaweka kalamu chini. Akasema hawezi kuapa kwa mtoto ambaye hakumpima, lakini kwa dalili hizo haoni sababu nyingine. Akaongeza kwamba kule kumzidishia ndiko kulikommaliza. Hakuulizwa hilo, alilisema mwenyewe, kisha akaomba radhi.

Kwa hiyo ni ndiyo, mama. Umeniomba kweli na kweli yenyewe ndiyo hii. Ni wewe, kama ninavyojijua mimi usiku na mchana kuwa ni mimi. Najua kitu hicho kikoje kukibeba. Ninakibeba nikimwogesha Asad, nikimfunga viatu vyake vya vyuma, nikimwita jina lake na yeye anaangalia dirisha. Mimi nina miaka thelathini na sita na kinanishinda. Wewe una sabini na mbili, uko peke yako na nyonga mbovu.

Hii siitumi.


Thamesmead, London
7 Oktoba 2024

Mama yangu kipenzi,

Shikamoo. Barua yako nimeipokea, na sina cha kukusamehe. Mimi ndiye niliyekuandikia maneno ambayo mtu hamwandikii mama yake. Nisamehe wewe.

Sisi hatujambo. Asad amesimama wiki iliyopita, ameshika kochi, Matar akahesabu mpaka tisa. Hesabu ya damu imeshuka kidogo. Maneno bado, lakini mwalimu wake anatuambia tuendelee kumsemesha Kiswahili, basi namsimulia habari zako siku nzima.

Nimemuuliza daktari habari za Zahid, Mungu amrehemu. Nimemweleza yote, sikupunguza. Amesema hapana. Amesema miaka ile homa ya malaria ikipanda kichwani ilikuwa inaondoka na watoto wengi wa rika lake, na mkono kupiga ni kawaida ya homa hiyo. Nimemuuliza mara mbili, naye akanijibu vile vile.

Haukuwa wanja, mama. Ilikuwa homa tu. Kula, ulale.

Mwanao, Mardhiya