Wameitoa Lawalawa

Nyumbani kwenu,
Chumba cha nyuma ya karakana,
Jumanne, mvua imekatika.

Mpendwa mjukuu wangu, mume wangu mdogo,

Marahaba. Naitikia shikamoo ambayo hukuiandika, maana barua yako imeanza na swali kama askari wa barabarani. Mimi mzima, ni magoti tu yanayolalamika. Kifua chako kimepona? Mkeo anakulisha, au huko chuoni mnakula karatasi?

Babu yako ni mgonjwa, sitakupambia maneno. Koo limefunga. Uji anateremshiwa kwa kijiko cha chai na nusu unarudi. Daktari alimpima, akanitazama mimi, akaandika dawa ya maumivu tu. Nikamwelewa.

Sasa hayo ya utenzi wako. Unauliza lawalawa, neno la watoto wanaolia dukani, limeingiaje katika utenzi wa kale wa vita, kati ya maneno mazito vile. Mwalimu wako kasema mnakili alikosea, akaweka "maakuli" mahali pake. Nawe ukatuletea nakala safi, umefurahi kama bwana harusi.

Mimi shule niliiona mlango tu. Lakini utenzi ule naujua tangu nilipoolewa humu. Babu yako na wenzake walishona magodoro wakiuimba ili sindano ziende pamoja: mmoja anatangulia, wengine wanavuta uzi. Wakifika pale mama anapomtilia mwanawe lawalawa kaburini, sindano zote zinasimama. Hakuna anayevuta uzi mpaka ubeti uishe. Mwana mwenyewe ni mpiganaji mzima, ana ndevu zake, na bado mama anamtilia lawalawa. Sasa maakuli ya nini? Kuna karamu kule chini?

Ijumaa shangazi yako alimsomea babu yako nakala yako. Macho kafumba, lakini mkono ukaanza kushona juu ya shuka: choma, vuta, choma, vuta. Shangazi akanikonyeza, "Mama, tazama, fundi karudi kazini!" Tukacheka, Mungu atusamehe. Pale pa lawalawa mkono ukapita moja kwa moja. Halafu ukakwama hewani, unatafuta. Akafumbua macho, akasema kwa sauti ya kukwaruza:

"Wamemnyang'anya mtoto."

"Baba, hao ni wasomi, watarekebisha," shangazi akambembeleza.

Akageukia ukutani. Tangu hapo hajanena, na uji anaukataa. Kijiko kikimkaribia, anauma meno.

Shangazi yako ananiambia nisikulaumu. Nakulaumu. Ungeuliza kwanza, ndipo ufute. Umefanya kinyume, kama fundi anayekata kitambaa halafu ndiyo atafute kipimo. Wenzake babu yako wa karakana wote wako mchangani. Yeye ndiye wa mwisho aujuaye kwa sauti, na sauti yenyewe ndiyo hiyo inayoondoka.

Basi lirudishe neno, kisha uje umsomee wewe mwenyewe, mdomo karibu na sikio. Usinipigie simu. Simu hawezi kuishika, na mkono wake nataka uuone kwa macho yako. Usiniambie habari ya mitihani wala mwalimu wako. Mwambie huyo mwalimu bibi yako ndiye aliyekufukuza huko.

Ukichelewa, usihangaike kununua sanda. Ninayo kabatini.

Msalimu sana mkeo, mwambie asinyanyue ndoo nzito na hilo tumbo lake. Shangazi yako anakusalimu ingawa kanuna. Kinyozi wetu wa hapo mbele naye anakusalimu. Jana alikuja kumnyoa babu yako, akaondoka anajipangusa machozi kwa taulo la kazi, na lile jibaba unalijua lilivyo.

Mungu akufungulie njia wewe kabla hajamfungulia yeye.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata nikiwa na hasira,

Bibi.