KIKAO CHA KAMATI YA USTAWI WA WATUMISHI KUHUSU ALAMA ZA AKILI YA KIROHO

Kilifanyika Jumatano mchana, chumba cha chai, wodi ya watoto.

Waliohudhuria: Muuguzi Mkuu (Mwenyekiti), Daktari wa Watoto, Mfamasia, Muuguzi wa wodi ya watoto (Katibu).
Mwalikwa: Mtafiti.
Hakuhudhuria: Mhasibu, kwa udhuru. Udhuru haukutajwa.

KUMB. NA. 1/AK: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao na kuagiza simu zizimwe. Yake iliita mara mbili.

KUMB. NA. 2/AK: MATOKEO
Mtafiti alieleza kwamba akili ya kiroho ni uwezo wa mtumishi kuona maana katika kazi na mateso, na kwamba hupimwa kwa dodoso. Wote walipita tisini, isipokuwa mmoja aliyepata sitini na nane, chini ya kiwango cha sabini. Mwenyekiti alipendekeza huyo ahamishiwe stoo, mbali na wagonjwa. Kwa kuwa huyo ni Katibu, Katibu aliomba kujieleza.

KUMB. NA. 3/AK: MAELEZO YA KATIBU
Mtafiti alifafanua kwamba kubadili jibu moja kungetosha, la sentensi isemayo: "Naona maana katika kila kifo ninachokishuhudia." Katibu alikuwa amejibu Hapana.

Mfamasia alisema, "Dada, funika kombe mwanaharamu apite. Weka tiki twende tukale."

Katibu alikataa. Alikumbusha kwamba mwezi uliopita mtoto wa kitanda cha dirishani alifariki oksijeni ilipoisha, na yeye ndiye aliyemwosha. "Maana yake nini? Maana yake mtungi ulikuwa mtupu. Nikianza kuona maana nyingine pale, nani atadai mitungi?"

Mtafiti alisema dodoso halihusu vifaa. Katibu alimjibu kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwenyekiti aliagiza iandikwe kwamba wodini hakuna kunguni. Imeandikwa.

KUMB. NA. 4/AK: UAMUZI
Daktari, mwenye alama tisini na nane, aliomba arudishiwe dodoso lake. Alisema siku ile ndiye aliyemwambia mama wa mtoto kuwa ni mapenzi ya Mungu, "na mtungi mtupu uko nyuma yangu." Alifuta jibu lake akaandika Hapana. Mfamasia alifuata, akinung'unikia chakula.

Mtafiti alionya kwamba wastani wa hospitali utashuka. Mwenyekiti alisema yeye habadilishi kitu. Baada ya muda aliomba kalamu.

Iliamuliwa Katibu asihamishwe, na ombi la mitungi lipelekwe leo hii likiwa na saini za wote.

KUMB. NA. 5/AK: KUFUNGA
Watu walitawanyika saa tisa na robo, chakula kikiwa kimeshapoa.

(Saini) Mwenyekiti, Muuguzi Mkuu
(Saini) Katibu, Muuguzi, angali wodi ya watoto