Mikono ya Sweta

Kiminini,
Jumatano

Mama Levi,

Natumaini mmeamka huko Kabuchai. Sisi tuko. Mvua imenyesha siku tatu na mahindi ya mzee wangu Waithaka bado yako shambani. Ng'ombe amezaa, ndama ni dume.

Sweta ya shule ya mjukuu wetu nimemaliza. Nimempa dereva wa matatu ya Bungoma, Levi aichukue stejini kesho kabla ya kwenda mochari. Ninaandika kwa sababu nikikupigia simu sauti haitoki.

Kifua na mgongo nilifuma kwa mashine mwezi jana, Jotham akiwa mzima, akiniuliza kila siku shule inafunguliwa lini. Jana nilikuwa namalizia tu kwa mkono: kushona mabega, kuweka kola, kuficha nyuzi. Nilipofika kwa mikono ya sweta nikaongeza inchi tatu za kukunja, vile tunafanyia watoto wote, ili mama aziteremshe mtoto akirefuka. Nilikuwa nimeshafunga uzi kwenye mikono yote miwili ndiyo nikakumbuka anazikwa nayo.

Nikaweka chai. Nikainywa.

Mkono wa kulia nimefumua, nikafunga upya kwa kipimo chake. Wa kushoto umenishinda kuufumua. Zile inchi tatu nimezikunja kwa ndani, nikazishikilia na nyuzi mbili. Nduta ndiye atamvalisha mwanawe, na huyo binti yangu anajua kushona, ataona. Mwambie asikate hizo nyuzi, lakini pia asizikaze.

Tutafika Ijumaa na wazee wa kanisa.

Ni mimi, cucu, nyanya yake Jotham,
Waithera