Bi Mwanakombo Amepata Sifuri

Jumatano. Manyunyu tangu alfajiri, na koti langu jeupe halikukauka sawasawa, linanuka uvundo. Nililivaa hivyo hivyo. Kwa nilichokifanya leo, lilinifaa.

Huu ni mwaka wa tatu nasomea tiba ya usemi na lugha. Nikiulizwa nyumbani Makorora, najibu kwamba nawasaidia waliopoteza maneno wayapate tena. Watu hutikisa vichwa kwa heshima. Hawajui ni upuuzi gani tunaoufanya katika kile chumba.

Chumba chenyewe kiko katika hospitali niliyopangiwa mafunzo kwa vitendo. Kina meza, viti viwili na kasha la kadi za picha zilizochorwa na watu wasiotujua. Kuna mtu aliyefinyangwa kwa theluji. Kuna mnyama mwenye mkia wa manyoya ambaye hata mimi nililazimika kumtafuta kwenye simu. Mgonjwa wa kiharusi kutoka Kigombe akishindwa kuvitaja, tunaandika kwamba lugha imemtoka. Msimamizi wangu anakiita hicho kipimo sanifu. Neno "sanifu" analitamka kama mtu anayefukiza ubani.

Leo ilikuwa zamu yangu kupima peke yangu. Bi Mwanakombo aliletwa na binti yake, Zuhura. Mkono wa kulia umelala, mdomo umekwenda upande kidogo, macho makali. Fomu inasema mpimaji aanze kwa kuuliza jina, na asiongeze neno lisiloandikwa. Nikaketi. Nikauliza jina.

Akatazama dirishani.

Nikamwonyesha kadi zote. Alizitazama kama mtu anayeuziwa samaki wa jana. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri, mpaka chini ya ukurasa, kwa mwandiko mzuri.

Msimamizi akaipitia fomu. "Huyu hana lugha. Kesho nasaini, arudi nyumbani na karatasi ya ushauri."

Maana yake hatapangiwa mazoezi. Nafasi ni chache, na hupewa wale wenye pa kuanzia.

Nilipotoka nilimkuta Bi Mwanakombo na binti yake wameketi kwenye benchi la ukumbini. Mfagizi alikuwa akipita na ndoo, akainama kidogo.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba," akasema Bi Mwanakombo.

Hilo halikunishtua. Salamu huweza kubaki hata lugha ikiharibika; tumefundishwa. Lakini akaninyooshea kidevu, akatafuta neno, akalipata.

"Kitoto kile. Kinakuja... kinakaa. Hakina adabu."

Mfagizi akainamia ndoo yake kuficha kicheko.

"Msamehe, dada," Zuhura akaniambia, naye akijizuia kucheka. "Tangu augue hachuji maneno. Ila na wewe, hukumwamkia."

Sikumwamkia.

Mimi, niliyekulia Makorora. Mimi, ambaye bibi yangu aliwahi kunirudisha kutoka njia panda, na sare za shule mwilini, kwa sababu nilimpita jirani kimya. Nimesoma mawasiliano miaka mitatu mpaka nimekuwa mtu asiyestahili kujibiwa. Bi Mwanakombo hakushindwa kusema. Alikataa kusema nami.

Nikarudi kwa msimamizi nikamweleza.

"Maneno ya ukumbini hayamo kwenye fomu," akasema bila kuinua macho. "Na kama kipimo kimeharibika, aliyekiharibu ni wewe. Nikate alama zako?"

Namdharau. Nadharau kalamu zake tatu mfukoni na ile sauti yake ya kumaliza mazungumzo. Lakini nilimjibu "hapana, sawa", nikatoka. Kwa hiyo kuna mtu ninayemdharau zaidi, na ndiye anayeandika hapa.

Zuhura ameniambia watakuwa mjini kwa ndugu zao mpaka kesho mchana. Baada ya hapo ni kijijini kwao Kigombe, na karatasi ya ushauri, na mwanamke mwenye sentensi nzima nzima kichwani ambaye hakuna atakayemsaidia kuitoa ya pili.

Nimeandika maelezo ya kuambatanisha na fomu. Mpimaji hakumwamkia mgonjwa. Mgonjwa alikataa kupimwa. Matokeo hayafai. Kisha maneno yake, yote, pamoja na pale aliposita. Chini nimeweka jina langu. Alama akate.

Kesho nitakuwa mlangoni kwa msimamizi kabla hajashika kalamu. Nitaanza kwa kumwamkia. Hastahili.

Lakini nataka anijibu.