Wameosha Viko Vyako

Baba Tekla wangu,

Nakuandikia nikiwa nimekalia kiti chako hapa barazani Katindiuka, kiti ambacho ulipokuwa hai hakuna aliyethubutu kukigusa. Matanga yalianuliwa jana. Tekla wetu naye amesharudi kwake Mngeta, mpunga haumsubiri.

Unakikumbuka kiko cha kwanza? Yule padri Mwayalandi alikupa siku aliyorudi kwao, shukrani ya mabenchi uliyomtengenezea. Ulikuja umekishika kwa mikono miwili kama kifaranga. "Mama Tekla, tazama, humu shingoni wamechimba kisima. Mate yanatuama huku, moshi unapita mkavu!" Nikakuambia kisima tunacho uani na kinatutosha. Ulicheka mpaka ukakaa chini. Tangu hapo kila mgeni wa misheni aliyetoka Ayalandi alikuletea kiko kutoka kwa padri, nawe ukavitengenezea kabati la mninga, kila kimoja na tundu lake.

Jioni ukitoka karakana ulikuwa unaniita, "Mama Tekla, kiko kiko wapi?" Nami najibu, "Kiko hakiko." Utani ule ule miaka yote, na ulicheka kama ndiyo kwanza unausikia. Kisha unashindilia tumbaku ya Songea kwa kidole gumba, taratibu, na mimi nalalamika kwamba nguo zangu za kanisani zinanuka moshi. Siku moja nilishika kisu nikwangue masizi ya ndani, ukaninyang'anya. "Acha, mama! Huo siyo uchafu. Hiyo ndiyo ladha yake, nimeijenga mwenyewe."

Daktari alipokukataza moshi ulitii. Lakini ulibaki na kiko kitupu mdomoni, unakifyonza umefumba macho. "Bado kinanipa ladha," ulisema. Hata hospitalini kilikuwa chini ya mto wako.

Juzi mawifi zangu waliotoka Mahenge walifua nguo zako zote, kama ilivyo desturi, ili zigawiwe. Mimi nilikuwa ndani na akina mama wa jumuiya. Nilipotoka nikakuta viko vyako vimeanikwa juani juu ya mkeka. Dada yako mkubwa alikuwa amevisugua kwa sabuni ya mche na mchanga, ndani na nje. "Wifi, kaka yetu hawezi kuachwa na vitu vichafu," aliniambia, na machozi yanamtiririka. Ningemgombezaje mtu anayelia? Nikamwambia asante, wifi.

Mashati yako yamekwenda, shuka zimefuliwa. Nilikuwa nimejiambia hainidhuru, viko vipo, nitakuwa nafungua kabati na kukunusa. Huo ndio ulikuwa mpango wangu wote wa uzee. Leo nimevinusa kimoja kimoja, vinanuka sabuni. Viwili jua limevipasua.

Watu wananiambia nijikaze. Nijikaze nimshike nani? Nimekata tamaa, mume wangu, nalisema wazi kwa sababu kwao siwezi kulisema.

Mchana nilikwenda dukani nikanunua tumbaku yako ile ile. Muuzaji alinipa pole, akanifungia bila kuuliza. Nikajaza kiko, nikawasha, nikakohoa mpaka jirani akachungulia. Nikavuta tena, nikafumba macho kama wewe.

Nilinusa tumbaku tu. Wewe hukuwemo.

Lala salama, baba. Mimi usingizi sina.

Mkeo,
Mama Tekla