Kitongoji Kisicho na Mgonjwa

Usevya,
14 Septemba 1997

Mwanangu Minza,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Huku tunaamka, tunakula, na ng'ombe wanakunywa ingawa maji ya mto yamekwenda mbali. Mama yako anauliza kama umeshapata watu wa kukaa nao huko Mpanda, au unakaa tu kama mgeni. Na yale mafua yalikwisha?

Nakuandikia kwa ajili ya kaka yako Masalu. Tangu mavuno amebadilika. Analala mchana, na huo si uvivu, wewe unamjua. Juzi alilala amesimama shambani, ameegemea jembe, mkewe Lusia akamwita mpaka akaanguka. Kichwa kinamuuma, ana tezi shingoni, na amekuwa mkali kwa mtoto wake. Zahanati wanampa klorokwini, wanasema ni malaria. Mzee Yotham jirani yetu alianza hivihivi, tukamzika. Kabla yake mke wa Enoka. Hawa wote ni malaria?

Wewe kazi yako ni mbung'o, na sisi huku tunaishi nao. Hebu waulize wakubwa wako.

Baba yako,
Luhende


Makanyagio, Mpanda,
5 Oktoba 1997

Baba, shikamoo. Mama naye shikamoo.

Mimi mzima, mafua yalikwisha. Nimepanga chumba kwa mama mmoja Mbende, mwenyeji wa hapa, ananiita binti yake, basi mama asiwe na wasiwasi.

Baba, dalili ulizoniandikia ni za malale. Mlete Masalu apimwe damu, msingoje.

Kuna jambo limenitia moyo. Desemba watakuja hapa wataalamu kutoka Dar es Salaam, Tanga na Arusha. Ni kamati ya kuishauri wilaya kitaalamu. Wao ndio watakaosema kwenye mkutano wa mipango timu ya malale ianzie wapi, mitego ya mbung'o itegwe wapi, na dawa ziende zahanati gani. Mimi ndiye ninayewaandalia kila kitu, kuanzia ramani na takwimu mpaka mahali pa kulala. Kwenye ramani hiyo kitongoji chetu ni cheupe, maana hakuna mtu wa huko aliyewahi kupimwa akakutwa nayo. Masalu akikutwa nayo, nitapapaka rangi nyekundu mwenyewe na hakuna atakayebisha.

Binti yako,
Minza


Makanyagio, Mpanda,
9 Novemba 1997

Baba, shikamoo.

Barua hii anakuja nayo Masalu mwenyewe. Namshukuru dereva wa lori la mpunga aliyekubali kumlaza kwenye magunia.

Alikaa kwangu siku chache. Siku ya kwanza alisinzia tonge likiwa mkononi. Nilimtazama nikashindwa kula. Wamempima damu hospitalini, wadudu hawakuonekana. Nikamwambia yule mpimaji, "Damu peke yake huwa inaficha. Mpimeni maji ya uti wa mgongo." Akanijibu kwa upole tu, "Dada, hapa hatuna namna. Mpeleke Tabora."

Nilitaka tuondoke na treni ya siku ileile. Ofisini wakaniambia ruhusa haipo mpaka mkutano upite, kwa kuwa maandalizi yote yako kwangu. Nikamwomba Masalu aende peke yake. Akasema, "Nimechoka kuchomwa sindano. Nataka nikalime." Baba, alinifokea. Masalu hajawahi kunifokea tangu tukiwa wadogo.

Nilimwandikia mwenyekiti wa kamati, Profesa Gervas. Akanijibu kwamba mgonjwa mmoja ambaye kipimo hakikuonyesha wadudu hawezi kubadilisha ramani, ila nilete suala hilo mkutanoni. Basi nimeandika kurasa mbili za kitongoji chetu. Mkutano ukiisha tu, nakuja kumchukua, nampeleka Tabora mwenyewe.

Msimwache aende mtoni peke yake.

Binti yako,
Minza


Usevya,
20 Desemba 1997

Mwanangu Minza,

Poleni na mvua. Huku inanyesha kana kwamba hakuna kesho. Mpunga wa bondeni umefunikwa wote, na ndama wawili wamesombwa. Sisi tupo.

Masalu hajalima. Sasa tunamlisha kama mtoto. Wakati mwingine anamwangalia Lusia anauliza, "Huyu mama ni wa wapi?" Jana aliniita kwa jina la marehemu baba yangu. Mama yako anakaa naye tangu asubuhi, anamwimbia zile nyimbo za kulimia, maana akisikia hizo hufungua macho.

Enoka naye ameanza kulala mchana. Watu wanaogopa, wanasema ardhi hii imetukataa.

Ulisema mkutano ni Desemba. Desemba ndiyo hii. Njoo.

Baba yako,
Luhende


Makanyagio, Mpanda,
18 Januari 1998

Baba, shikamoo.

Naandika bila kujua barua itafikaje. Lori haliwezi kupita kuja huko. Reli ya Tabora nayo maji yamebeba tuta, treni haifiki Kaliua wala haitoki. Wataalamu walikwama njiani, wakarudi, mkutano umeahirishwa. Nilijaribu kuja kwa baiskeli na mwenzangu wa ofisini. Tulifika mahali daraja limeondoka, tukasimama pale tukitazama maji, kisha tukarudi.

Hata nikimfikia Masalu, Tabora nitampelekaje? Nimeiuliza ofisi kuhusu gari, wakasema litapita wapi. Kweli, litapita wapi.

Mnipelekee salamu kwake hata kama hasikii. Mwambieni ni Minza.

Binti yako,
Minza


Makanyagio, Mpanda,
26 Machi 1998

Baba, shikamoo. Mama shikamoo. Masalu anaendeleaje?

Sijapata barua yenu tangu Desemba. Najiambia ni barabara.

Mkutano umefanyika. Wataalamu waliletwa na ndege ndogo. Mimi ni wa kuandika kumbukumbu, sikutakiwa kusema, lakini ilipofika kwetu nilisimama. Nikawaeleza habari za mzee Yotham, mke wa Enoka, Enoka mwenyewe, na kaka yangu. Profesa Gervas alivua miwani akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti, mimi nakuamini. Lakini nikiwapeleka watu mahali pasipo na mgonjwa aliyethibitishwa, nitakuwa nimewaondoa mahali walipothibitishwa, na huko nako wanakufa." Takwimu za huko niliziandaa mimi. Ni kweli wanakufa.

Baadaye wakakubaliana jambo moja. Julai timu itapita kwetu siku moja, ipime watu wote. Wakipatikana wagonjwa, tutaingia kwenye mpango wa mwaka unaofuata. Kwa hiyo naomba uzungukie nyumba zote, uwaambie watu wasiende popote, siku hiyo wakusanyike hapo kwako.

Nijibu, hata maneno mawili.

Binti yako,
Minza


Usevya,
17 Mei 1998

Mwanangu Minza,

Pokea salamu. Mimi na mama yako tupo. Kaa chini usome.

Masalu alifariki Januari, mvua ikiwa kubwa. Kaburi lilikuwa likijaa maji, tukawa tunayateka kwa ndoo huku tunachimba. Barua zako mbili za mwisho zilifika pamoja baada ya maji kupungua. Nilituma mtu na habari ya msiba, naona hakuvuka.

Lusia amerudi kwao na mtoto. Hatukumzuia. Enoka walimbeba kwa machela kumpeleka kwa ndugu zake, na sisi hatujasikia tena habari zake. Baada ya hapo watu wakaanza kuhama, wengine na ng'ombe kuelekea bonde la Ziwa Rukwa, wengine hata hawakuaga. Niliposoma ulichoniagiza, nilizunguka nyumba kwa nyumba kama ulivyotaka. Niliita hodi mpaka nikaona aibu. Kwingine milango walishaing'oa wakaondoka nayo.

Mimi na mama yako tunaondoka wiki ijayo. Yeye anatembea polepole, siku hizi anasinzia sana mchana. Hatujui tutakaa wapi, kwa hiyo usiandike tena kwa anwani hii.

Wataalamu wako waje tu Julai kama mlivyopanga. Watakuta hakuna mgonjwa, waandike hivyo.

Baba yako,
Luhende